Ua la mdanzi kwenye rafu za Arusha: manukato ya Anne Flipo, ya chupa na ya kupima

Ukiingia duka lolote la pafyumu za kupima, yaani mafuta yanayoigiza manukato ya chapa na kuuzwa kwa mililita, katikati ya Arusha, iwe mitaa ya kuzunguka Soko Kuu au upande wa Kilombero, rafu ni ileile. Chupa kubwa za glasi na za alumini, kila moja na kijikaratasi kilichoandikwa kwa maka peni: INVICTUS, LADY MILION, LAVIE, LIBRE, INTERDIT. Muuzaji anazijua kama mama ntilie anavyojua sufuria zake. "Dada, hii ndiyo inayotoka sana, inakaa mpaka kesho." Atakupangia za kiume na za kike, za ofisini na za sherehe. Asichokwambia, kwa kuwa hata kwenye boksi halisi hakijaandikwa, ni kwamba majina hayo matano yote yamepita mkononi mwa mtu mmoja, Mfaransa Anne Flipo.

Flipo ni mtunzi mkuu wa manukato wa IFF, kampuni inayozitengenezea chapa nyingine harufu. Kazi hiyo haina umaarufu wa mwanamuziki. Kampuni ya mitindo au vipodozi inatoa maelezo ya harufu inayoitaka, makampuni ya manukato yanashindana kuleta sampuli, na mshindi anauza kiini (harufu yenyewe kabla ya kutiwa spiriti) huku jina la nje likibaki la mwenye chapa. Tena watunzi hawafanyi kazi peke yao. Lady Million ya Paco Rabanne (2010) aliitunga pamoja na Béatrice Piquet na Dominique Ropion. La Vie Est Belle ya Lancôme (2012) ni yeye, Ropion na Olivier Polge. Invictus (2013) waliifanya hao watatu na Véronique Nyberg. L'Interdit ya Givenchy (2018) ni yeye, Ropion na Fanny Bal, na Libre ya Yves Saint Laurent (2019) ni yeye na Carlos Benaïm.

Sasa mkono wake utautambuaje katikati ya mikono yote hiyo? Njia rahisi ni kuanza na kazi aliyoifanya mapema kwa chapa ndogo ya L'Artisan Parfumeur, La Chasse aux Papillons ya mwaka 1999. Ni maua meupe matupu: asumini, tiubarosi, ua la mti wa Ulaya uitwao mlinde, na ua la mchungwa. Maua meupe kwa kawaida ni mazito, yanajaza chumba na kumtoa mtu jasho. Pale yamefanywa mepesi kiasi kwamba yanapepea. Ukishainusa hiyo, utaona jambo moja linajirudia katika kazi zake nyingi: ua la mdanzi, yaani mchungwa wa matunda machungu. Limo ndani ya Lady Million, limo La Vie Est Belle, limo L'Interdit, limo Libre, na kwenye Basil & Neroli aliyoifanyia chapa ya Jo Malone mwaka 2016 limetajwa hadi kwenye jina.

Mdanzi ni mti wa ajabu kwa mtunzi wa manukato, kwa sababu mti mmoja unampa malighafi nne. Maganda ya tunda yakikamuliwa hutoa mafuta yenye uchungu na uchangamfu. Majani na vijiti vikipitishwa mvuke hutoa petigreni, ya kijani na kavu. Maua yakipitishwa mvuke hutoa neroli, nyepesi na safi kama shuka lililoanikwa juani. Huhitajika karibu tani nzima ya maua kupata kilo moja. Maua hayohayo yakilowekwa kwenye kiyeyusho hutoa absoluti, nzito na tamu, yenye ukali wa mnyama kwa mbali. Msomaji wa Moshi asiyewahi kusimama chini ya mdanzi uliochanua asihangaike sana. Apande Kibosho au Marangu wiki moja au mbili baada ya mvua kuvunja kiangazi, mikahawa ikiwa imetoa maua. Harufu ya ua la kahawa ina undugu wa karibu na ya asumini na ya ua la mchungwa, na ukilishika hilo puani tayari una nusu ya kamusi ya Flipo.

Kazi ya ua hilo katika nyimbo zake (manukato nayo hutungwa, acha niyaite nyimbo) ni ya bawaba. Flipo huweka harufu moja kubwa isiyojificha, halafu huweka nyingine inayoipinga: lavenda ya kinyozi dhidi ya vanila, sukari dhidi ya pachuli (jani lenye harufu ya udongo), ua jeupe dhidi ya mizizi ya udongo. Ua la mdanzi lina upande mkavu wa kijani na upande mtamu, kwa hiyo linazishika zote mbili, na mlango unafunguka taratibu bila kukwaruza. Hapo ndipo mafuta ya kupima yanapopimwa kwa haki. Karibu yote yana mlango na yana fremu. Swali ni kama bawaba ipo.

Kwa tathmini hii mafuta ya majina yote matano yalilinganishwa, kutoka maduka mawili ya Arusha na moja la Moshi, pamoja na chupa halisi za kila moja. Kila harufu ilitiwa kwenye karatasi ya kunusia na kwenye ngozi ya mkono usiopakwa losheni, ikanuswa baada ya dakika 1, dakika 20, saa 2 na saa 6. Zaidi ya manukato matatu kwa siku moja pua huchoka na majibu hayaaminiki. Zile punje za kahawa kwenye kikombe kaunta hazisaidii kama watu wanavyodhani. Nusa kiwiko chako au shati lako, au toka nje barazani upumue. Kahawa ya Kilimanjaro ina matumizi bora zaidi.

Kuna jambo la haki kwa wauzaji linalopaswa kusemwa mapema. Hata kama mafuta yangekuwa na fomula ileile ya Paris, gramu kwa gramu, yasingenukia sawa. Chupa ya kupuliza ina spiriti kati ya asilimia 80 na 85. Spiriti ikigusa ngozi inatandaza kiini kama utando mwembamba juu ya eneo pana, kisha inaruka kwa sekunde chache na kubeba harufu za mwanzo hadi puani. Mafuta hayaruki. Yanakaa pale yalipopakwa, yanazishikilia harufu nyepesi, na yanatoa zile nzito kidogokidogo karibu na ngozi. Ndiyo maana mafuta "yanakaa mpaka kesho" lakini mtu aliye hatua mbili mbele hasikii kitu, na ndiyo maana kila fungu la mafuta lilijaribiwa pia baada ya kuchanganywa na spiriti. Maelezo ya kuchanganya yako chini.

Tuanze na iliyo rahisi. Invictus ni ya kupuliza yenye kiini kidogo, ya kiume, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye daladala za asubuhi. Inaanza na balungi na harufu ya bahari, katikati kuna lile jani kavu linalotiwa kwenye pilau, na mwisho kuna mti wa guayako, pachuli na ambari. Mafuta yake yakipakwa hivihivi yanakatisha tamaa: balungi halisikiki kabisa, na bahari imegeuka maji ya tikiti. Sababu inajulikana. Harufu ya bahari ya bei nafuu hutegemea molekuli iitwayo kaloni, iliyogunduliwa Pfizer mwaka 1966, na ikizidi hata kidogo hutoa tikiti maji badala ya upepo wa pwani. Lakini yakichanganywa na spiriti Invictus inafufuka kuliko nyingine zote. Dakika 20 za kwanza zinafanana sana na chupa halisi. Tofauti inaonekana mwishoni, ambapo kopi inabaki na utamu wa sabuni na ya asili inabaki kavu. Kwa kijana anayetaka kunukia vizuri kazini, mafuta haya yakichanganywa yanatosha, na sioni sababu ya kumshauri alipe zaidi.

Lady Million haina mengi ya kuongeza. Rasiberi na danzi mbele, ua la mdanzi na gadenia katikati, asali na pachuli nyuma. Asali ni rahisi kuigiza na ni kali, kwa hiyo mafuta yote matatu yalizidisha asali. Tone moja ni zuri. Matone matatu ni mzinga wa nyuki.

La Vie Est Belle ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi kwa harusi na send-off, na ndiyo inayodanganya zaidi. Ukoo wake unaanzia kwenye Angel ya Thierry Mugler ya mwaka 1992, iliyofungua mlango wa harufu za peremende kwa kutumia ethili maltoli, molekuli inayonukia sukari inayoungua taratibu, kama zile kashata zikiwa bado jikoni. Molekuli hiyo ni ya bei ndogo na ina nguvu ya kutisha. Mtu yeyote mwenye kilo moja ya ethili maltoli na pachuli kidogo anaweza kutengeneza kitu ambacho muuzaji atakiita LAVIE, na mteja atakubali, kwa sababu dakika ya kwanza na saa ya sita zinafanana na ya kweli.

Kilichopotea kiko katikati. Ya asili ina airisi. Airisi haitoki kwenye ua. Inatoka kwenye mzizi, unaochimbwa, ukamenywa na kukaushwa kwa muda wa miaka mitatu hivi ndipo harufu ikamilike, halafu unapitishwa mvuke ukatoa siagi ya rangi ya krimu. Inanukia poda ya uso, ua la urujuani na karoti mbichi kwa mbali. Ni miongoni mwa malighafi ghali kabisa katika fani hii. Kazi yake pale ni kuikausha sukari, kama unga wa muhogo unaonyunyiziwa ubao ili donge lisinate. Airisi na ua la mdanzi vikishika katikati, sukari inakuwa vazi jepesi. Visipokuwepo, sukari inanata.

Tofauti ya pili ni pachuli yenyewe. IFF inamiliki LMR, maabara ya malighafi za asili iliyoanzishwa na Monique Rémy huko Grasse mwaka 1983, na moja ya kazi zake ni kuchuja pachuli na kuacha ule upande wa stoo yenye unyevu. Watunzi wa IFF wana pachuli iliyosafishwa hivyo mezani. Kiwanda kinachotengeneza mafuta ya jumla kinatumia pachuli ya kawaida. Kwa hiyo kwenye mafuta ya Moshi, ambayo kwa utamu yalikuwa afadhali kuliko yote, baada ya saa 2 ilijitokeza harufu ya gunia lililolowa. Mafuta ya duka moja la Arusha hayakuwa na gunia kwa sababu hayakuwa na pachuli. Yalikuwa sukari na miski tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kugeuka hata mara moja. Ukitaka kujua kama kopi ya La Vie ni nzuri, usiinuse dukani. Paka, nenda kafanye shughuli zako mjini, irudie baada ya saa 2. Kama bado ni ileile ya mwanzo, hakuna kitu mle.

Uamuzi: kwa mtu anayependa utamu wa wazi, mafuta yanaridhisha. Anayetaka kile alichosikia kwa mwenzake aliyenunua chupa halisi, hapati hapa, hata akiongeza matone. Kuongeza matone kunaongeza sukari peke yake.

Libre ndiyo kazi inayomwonyesha Flipo vizuri kuliko zote kwenye rafu hii. Msingi wake ni wa kiume wa zamani, ule wa kinyozi: lavenda, kumarini yenye harufu ya nyasi kavu, na kuvu wa magome ya mwaloni. Muundo huo, uitwao fougère, ulipewa jina na Fougère Royale ya Houbigant, mwaka 1882, na kwa zaidi ya karne umekuwa sabuni ya kunyolea na losheni ya baada ya kunyoa. Flipo na Benaïm waliuchukua wakaupeleka kwa wanawake. Waliondoa kuvu, wakaweka ua la mdanzi la Moroko katikati na vanila ya Madagaska na miski chini. Ukiipuliza, lavenda inaingia imenyooka kama shati lililopigwa pasi, na kabla hujaamua kama ni ya mume, ua linafunguka na vanila inafuata. Hakuna sehemu unayoweza kuikata kwa kisu useme hapa lavenda imeishia. Kwa ufundi mtupu naipa nafasi ya kwanza katika tano hizi, ingawa harufu ninayoweza kuivumilia kwa saa nyingi ni L'Interdit.

Na ndiyo maana kopi zake ni mbaya. Kuna lavenda ya kweli, na kuna lavandini, chotara wake anayetoa mafuta mengi kwa eka na kwa bei ndogo. Lavandini ina kafuri nyingi zaidi. Kwenye manukato ya chupa kafuri hiyo hudhibitiwa. Kwenye mafuta ya kupima inakaa wazi, na mtu aliyepakwa ananukia dawa ya kuchua misuli. Mafuta mawili kati ya matatu yalikuwa hivyo. Fungu la tatu lilikuwa limeepuka kafuri kwa kuepuka lavenda yenyewe. Ilibaki vanila na kitu kama juisi ya zabibu ya unga. Hiyo ni methili anthranilati, molekuli inayopatikana kiasili kwenye ua la mdanzi, lakini ikiwekwa peke yake bila wenzake inaangukia kwenye zabibu za peremende. Kuna kunukia na kuna kunuka, na mafuta ya Libre dakika kumi za kwanza yanasimama kwenye mpaka. Spiriti haikuyasaidia, ilizidisha kafuri kwa sababu kafuri ni nyepesi na inaruka pamoja nayo. Hii usinunue kwa kupima. Afadhali chupa ndogo halisi, au uache.

Kuhusu L'Interdit, lijue jambo moja. Jina ni la zamani: Givenchy walikuwa na L'Interdit tangu mwaka 1957, ikihusishwa na Audrey Hepburn. Hii ya 2018 imechukua jina tu. Ni ua jeupe, tiubarosi na asumini na mdanzi, limepandwa juu ya vetiva na pachuli. Tiubarosi ina historia yake kwa wanawake wa fani hii: Germaine Cellier, Mfaransa wa kizazi cha kabla, aliitunga Fracas mwaka 1948 kwa Robert Piguet, tiubarosi ya kishindo isiyoomba radhi. Flipo na wenzake wameipunguza sauti na kuiwekea kivuli. Vetiva ni yaleyale majani yanayopandwa kwenye kingo za makinga maji kuzuia udongo; chimba mzizi wake, usugue kidoleni, utapata moshi mkavu na udongo ule uliomo chini ya chupa hii. Mafuta ya kupima ya INTERDIT yalikuwa mshangao mzuri. Ua limekuwa la plastiki kidogo, lakini kivuli kipo, kwa sababu molekuli za kuigiza vetiva na ambari ni nafuu na ni nzuri. Saa 6 baadaye, ngozini, hata pua yenye uzoefu inaweza kusita. Kwa bei yake, ndiyo kopi bora kati ya tano.

Sasa hesabu, maana bei za dukani hubadilika lakini hesabu haibadiliki. Chupa ya mililita 50 yenye kiini asilimia 15 hadi 20 ina mililita 7.5 hadi 10 za kiini. Kubonyeza mara moja hutoa takribani mililita 0.1, kwa hiyo chupa ina mibonyezo kama 500. Anayebonyeza mara nne kwa siku anamaliza kwa miezi minne. Chupa ya gololi ya mililita 10 ya mafuta, kwa matone mawili hadi matatu kwa siku, inakwenda miezi mitatu hivi. Usilinganishe bei ya chupa kwa chupa. Gawa kila bei kwa siku, ndipo uone kama tofauti ni kubwa kama inavyoonekana kaunta. Kwa Invictus na L'Interdit mafuta yanashinda wazi. Kwa Libre hata yakitolewa bure yanapoteza.

Hesabu hiyo lakini inadhani mafuta ni matupu, na mara nyingi siyo. Kiini huongezwa ama kiyeyusho kiitwacho dipropilini glaikoli ama mafuta ya kula yasiyo na harufu. Kuna njia mbili za kupima nyumbani. Weka tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kuandikia, uiache siku nzima. Likibaki doa pana linalopenyeza mwanga kama karatasi ya maandazi, kuna mafuta ya kula. Doa dogo lisikutishe. Miski nzito na vanila nazo huacha alama. Njia ya pili, dondosha tone kwenye glasi ya maji masafi. Kiini kitupu kinabaki vijidoa visivyoyeyuka. Kilichojaa glaikoli kinashuka kwa michirizi na kuacha wingu jeupe, kwa sababu glaikoli inaingia kwenye maji na kukiacha kiini peke yake.

Na usidanganywe na rangi. "Kaka, ona ilivyo nyeusi, hii ndiyo kali." Weusi hautoki kwenye ukali. Vanilini, molekuli ya harufu ya vanila, hugeuka kahawia ikikutana na hewa na mwanga, na methili anthranilati ikikutana na aldehidi, kundi jingine la molekuli za harufu, hutoa rangi ya manjano hadi chungwa. Mafuta meusi ya Libre yanaweza kuwa na vanilini nyingi, au yamekaa dirishani tangu mwaka juzi. Invictus ikiwa nyeusi, rudisha.

Kuchanganya. Kwa chupa ya mililita 20: mililita 3 za mafuta, mililita 17 za spiriti ya asilimia 95 au 96. Hiyo ni asilimia 15, ikiwa mafuta ni matupu. Kama umegundua yameongezwa kitu, panda hadi mililita 5 kwa 15. Tia mafuta kwanza, spiriti baadaye, tikisa dakika moja, funga, weka kabatini gizani wiki mbili hadi nne. Ukinusa siku ya kwanza utasikia spiriti tupu na utadhani umeharibu. Harufu hukaa sawa kadiri siku zinavyokwenda. Usivunje kipindi hicho kwa kufunguafungua.

Yanayoharibika ni haya. Spiriti ya duka la dawa ya kusafishia vidonda ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, na mafuta yakikutana na maji hayo mchanganyiko unageuka kama maji ya mchele. Hapo hakuna kurekebisha kwa kutikisa. Spiriti ya kuwashia, ile ya rangi ya zambarau, isiguse ngozi kabisa, kwani imetiwa sumu makusudi. Mafuta yaliyoongezwa mafuta ya kula nayo hayachanganyiki vizuri. Yanashuka chini na kuziba pua ya kupulizia. Mchanganyiko ukiwa na chembechembe baada ya wiki mbili, uweke kwenye friji usiku mmoja, kisha uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Usitumie kitambaa. Chupa ya zamani ya pafyumu nyingine osha kwa spiriti hiyohiyo mara mbili, siyo kwa sabuni, la sivyo INTERDIT yako itakuwa na Lady Million ndani mpaka iishe.

Kupaka mafuta yasiyochanganywa kuna masharti. Matone mawili, nyuma ya masikio au kwenye kiwiko kwa ndani. Yenye ndimu, balungi au danzi mbele usipake sehemu inayopigwa na jua. Mafuta ya maganda ya jamii ya michungwa yanaweza kuacha alama nyeusi ngozini. Nguo nyeupe na hijabu ya hariri yatatia doa la manjano lisilotoka. Puliza ulichochanganya kwenye bitana ya koti au upindo wa ndani wa kitenge.

Hali ya hewa inabadilisha uchaguzi zaidi ya watu wanavyodhani. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na mwezi wa Julai baridi inauma. Ngozi inakauka, harufu haipandi. Hapo La Vie na Libre zinakaa vizuri, na mafuta mepesi ya Vaseline isiyo na harufu yakitangulia kupakwa, manukato yanashika muda mrefu zaidi. Moshi iko chini na ina joto. Februari mjini Moshi, mibonyezo minne ya La Vie Est Belle kwenye daladala iliyojaa ni adhabu kwa abiria wenzako. Punguza iwe miwili, au vaa Invictus bila kujali kwamba boksi limeandikwa ya kiume. Na chupa usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Harufu za machungwa ndizo huharibika kwanza, na katika manukato ya Flipo hizo ndizo zinazofungua mlango.

Kuhusu huduma yenyewe, maduka yote matatu yalipima kwa haki. Mililita 5 zilikuwa 5. Lalamiko liko kwenye bomba la sindano. Muuzaji anachovya kwenye chupa ya udi, anampimia mteja, anafuta ncha kwa tishu, anachovya kwenye LIBRE. Udi una nguvu kuliko vyote mle ndani, na kiasi kinachobaki kwenye ncha kinatosha kuivuruga chupa ndogo ya mililita 5. Fungu moja la La Vie lilikuwa na moshi ambao Lancôme hawakuwahi kuuweka. Bomba jipya la mililita 5 linauzwa kwenye duka lolote la dawa. Nenda nalo mfukoni likiwa kwenye karatasi yake, na useme kwa adabu, "Samahani kaka, nipimie kwa hili." Hakuna aliyekataa.